Elfu Arobaini na Tano za Nairobi

Mama mboga alikuwa ameshika vitunguu vitatu, anavigeuza kiganjani ili nione havina doa, simu yangu ikalia ndani ya mkoba.

"Hivi ni vya TZ, kastoma. Vinakaa, haviozi haraka. Tatu mbao. Nikuwekee za ngapi?"

Mbao ni shilingi ishirini. Nikamwambia za arobaini. Akatia sita kwenye mfuko, akaniongezea na hoho dogo, maana mimi ni mteja wake wa kila jioni pale stejini. Ndipo nikasoma ujumbe. Ulitoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Arusha:

"Dada, ile kazi ya Nairobi wamenipa. Mshahara 45,000 za huko. Nimezidisha kwa 19, inakuja laki nane na hamsini na tano. Hapa napata laki sita. Nije?"

Vile vitunguu huenda vilivunwa Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ambako wakulima wanamwagilia kwa maji ya chemchemi na kupakia malori ya Kenya wakati wa mavuno. Vimepita Makuyuni, vimepita Arusha mjini karibu kabisa na nyumba anayopanga mdogo wangu, vimevuka Namanga, vimefika kwenye meza ya mbao pembeni ya barabara, mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwenye kuvinunua ni mimi, niliyezaliwa upande vilikotoka.

Nilimjibu kwamba nitampigia usiku. Nikampigia kweli, tukaongea habari za mtoto na mvua, na lile swali tukaliacha lilipo.

Wakiniuliza watu wengine kama Kenya maisha ni ghali, huwa nawajibu kwamba inategemea, tunacheka, yanaisha. Kwa huyu haikuwezekana. Ana mke, ana mtoto wa miaka miwili, ana chumba na sebule mtaa wa Sakina, Arusha. Nikimwambia njoo, anakuja.

## Kuzidisha kwa kumi na tisa

Nilianza na hiyo hesabu yake ya kuzidisha, kwa sababu na mimi nimeishi nayo miaka yote niliyokaa huku. Mtanzania akiwa Nairobi anazidisha kila kitu kichwani. Anaona mkate wa shilingi 65, anatafuta jawabu lake la nyumbani kabla hajatoa hela mfukoni.

Lakini hiyo 19 haikai mahali pamoja.

Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi za Kenya, na kwa Tanzania ilikuwa karibu 2,500. Maana yake shilingi moja ya Kenya haikufika hata 16 za kwetu. Watu walikuwa na wasiwasi kuhusu deni la Eurobond la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilitakiwa kulilipa Juni mwaka huo. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5, ikaanza kulinunua lile deni la zamani, wasiwasi ukapungua, shilingi ikapanda. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, huku kwetu ikiwa imepita 2,600. Shilingi ileile ya Kenya sasa ilikuwa inanunua zaidi ya 20 za Tanzania.

Katika miezi hiyo chapati ya kibandani hapa mtaani haikubadilika bei. Mshahara wangu haukubadilika. Kilichobadilika ni ile elfu kumi ninayomtumia mama: Januari alipokea kama laki moja na nusu na kidogo, Julai ikapita laki mbili. Akanipigia kuniuliza kama nimepandishwa cheo.

Kwa hiyo kama mdogo wangu angeuliza Januari 2024, 45,000 yake ingekuwa kama laki saba. Angeuliza Julai, ingekuwa laki tisa na zaidi. Kazi ileile, meza ileile, matatu zilezile za kwendea. Kiwango cha kubadilisha fedha kinamsaidia mtu anayevuka mpaka na hela yake, kama mimi ninapomtumia mama. Anayelipwa Nairobi na kula Nairobi hakimwambii kitu.

Hapo nikaiacha 19 kando, nikaamua kulinganisha vitu vyenyewe.

## Sado, gorogoro, gunia

Nilidhani hii ndiyo sehemu rahisi. Unaandika bei ya kitunguu hapa, bei ya kitunguu kule, unaendelea na kinachofuata.

Nikampigia mama, ambaye Soko la Kilombero pale Arusha analijua kuliko sebule yake. Nikamuuliza kitunguu bei gani. Akanitajia bei ya sado. Sado ni ule mkebe wa rangi wa lita nne. Ndio mizani ya akina mama wa kaskazini, tano zake zinajaza debe. Nikamwambia nataka kwa kilo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nani ananunua kitunguu kwa kilo?"

Na huku Nairobi nani ananunua kwa kilo? Wapo, supamaketi. Mtaani kwetu ni tatu mbao, nne mbao msimu ukiwa mzuri, mbili mbao mambo yakiharibika. Bei haipandi: idadi ndiyo inayopungua, au kitunguu chenyewe kinakuwa kidogo. Mahindi na maharage yanapimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Mahindi ya jumla Kenya yanahesabiwa kwa gunia la kilo 90, Tanzania kwa gunia la kilo 100, na hapo sijasema habari ya lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu mpaka likazidi uzito wake na mkulima akalipwa lilelile moja. Hata mtungi mkubwa wa gesi si mmoja: kwetu una kilo 15, Kenya una kilo 13. Ukisema gesi ya kule ni ghali kuliko ya huku, umelinganisha mitungi miwili tofauti.

Nilikaa na karatasi jioni nzima nikigeuza kila kitu kuwa kilo. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nalitafuta.

Vitunguu vya mbao, ukivirudisha kwenye kilo, vinazidi bei ya anayenunua neti nzima soko la Wakulima kwa tofauti kubwa sana. Mafuta ya kula ya kupimiwa yako hivyohivyo. Anayenunua ya shilingi 20 kila jioni, mwisho wa mwezi amelipa lita zake kwa bei inayozidi ya chupa iliyofungwa. Unga wa pakiti ya nusu kilo unazidi ule wa kilo mbili. Wakenya wenyewe wanaita kadogo. Na wanaonunua kadogo ndio wale ambao kima chao cha chini kwa kibarua wa kawaida wa Nairobi kilipangwa Novemba 2024 kuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, na wengine wengi hata hicho hawakifikii.

Arusha nako mafuta yanapimwa kwa kijiko na sukari inafungwa kwenye vikaratasi, sisemi hapana. Lakini nikiangalia jikoni kwa mama naona gunia la mahindi lililonunuliwa mavuno yalipoingia, limekobolewa na kusagwa kidogo kidogo mashineni. Naona debe la maharage. Ule mwezi wa bei mbaya hausikii, kwa sababu alishanunua bei ilipokuwa nzuri.

Tofauti niliyokuwa naihangaikia kati ya nchi mbili, sehemu yake kubwa ilikuwa kati ya mtu mwenye hela ya mkupuo na mtu mwenye hela ya leo.

Hilo lilinikosesha usingizi zaidi ya swali lenyewe.

## Namanga

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Ukiangalia ramani utafikiri bei ya mahindi itakuwa moja pande zote mbili, ukiongeza tu mafuta ya lori.

Haiwi moja, kwa sababu ofisi mbili zinaweza kuufunga huo mpaka wakati wowote.

Mwaka 2017 Kenya ilipigwa na ukame, serikali ikaweka ruzuku, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90, na watu wakapanga foleni supamaketi. Mwaka huohuo Tanzania ikazuia mahindi kwenda nje yakiwa punje, ikasema atakayeuza auze unga. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: barua ikatoka tarehe 5 kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwa ajili ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Malori yakasimama mpakani, na baada ya siku chache tu zuio likageuzwa kuwa masharti ya vyeti na usajili. Mwaka 2023 malori yakajipanga tena Namanga, safari hii kwa sababu Tanzania ilitaka wanunuzi wa nje wafuate utaratibu wa leseni na vibali.

Kila serikali ilikuwa na sababu yake, na sumukuvu si jambo la mchezo, inaua. Lakini angalia nani aliyelipa. Mkulima wa kwetu aliuza kwa hasara mahindi yasije yakamharibikia, na hapa Umoja gorogoro ikapanda wiki ileile. Mkulima hakuona faida ya ile bei ya juu, mlaji hakuonja ile bei ya chini. Hizo kilomita 275 zinaweza kuwa umbali wa siku moja au wa mwezi mzima.

Ndiyo maana simwamini mtu anayesema kwa uhakika kwamba chakula ni rahisi Tanzania. Rahisi mwezi gani? Mwanzoni mwa 2024 sukari Tanzania ilipita shilingi 4,000 kwa kilo baada ya mvua za El Niño kuvuruga viwanda na mashamba ya miwa. Miezi michache kabla, ni Kenya iliyokuwa inalia sukari, viwanda vimesimamishwa ili miwa ikomae. Majirani walipokezana shida ileile.

## Chakula hakikuwa jibu

Nilipomaliza kugeuza kila kitu kuwa kilo, nilitazama karatasi yangu nikashangaa.

Nilitarajia pengo kubwa. Nilichokiona ni kwamba kikapu cha familia ya watu watatu (unga, mchele, maharage, mboga, mafuta, sukari, nyama mara moja kwa wiki, mayai) kinakaribiana sana pande zote mbili. Nyama ya ng'ombe Nairobi iko juu kidogo. Ndizi na machungwa Arusha ni rahisi mno. Machungwa mengi tunayokula hapa ni ya Muheza, yamepanda bei njiani. Unga unapishana kidogo, leo huku juu, kesho kule. Mchele wa Mbeya unaofika hapa ni ghali kuliko ulivyo kwetu, sawa, lakini hautishi.

Kwa hesabu ya namna mdogo wangu anavyokula, Arusha anatumia kama 8,000 kwa siku nyumbani kwake. Hapa angetumia kama 430 za Kenya. Zibadilishe utakavyo, ni kitu kilekile.

Basi kama chakula kinalingana, ghali ya Nairobi ninayoisikia kila mwisho wa mwezi inatoka wapi?

## Paa

Nyumba.

Sakina mdogo wangu analipa laki moja kwa mwezi. Lakini hailipi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine wanataka mwaka, na siku ya kuingia dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja. Siku ile alitoa laki saba. Alizikusanya kwa kuomba, kwa kukopa kikoba, na mimi nilichangia. Ninakumbuka mama mdogo alivyouza mbuzi wawili.

Hapa Umoja nyumba ya chumba kimoja na sebule inayofanana na hiyo anaipata kwa 15,000. Analipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Elfu thelathini, keatekari, yaani mwangalizi wa jengo, anampa funguo.

Sasa ziweke pamoja. Elfu thelathini za Kenya ni kama laki tano na sabini. Kuingia nyumba Nairobi ni rahisi kuliko kuingia nyumba Arusha! Nilirudia hiyo hesabu maana sikuiamini. Kijana anayefika Nairobi na mshahara wa kwanza anaweza kupata mlango wake mwenyewe mwezi huohuo, na bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia humohumo, angeipata kwa nusu ya hizo. Arusha kijana wa namna hiyo anakaa kwa shangazi mwaka mzima akikusanya miezi sita.

Halafu tarehe 5 ya mwezi wa pili inafika. Na wa tatu. Kwa mwaka Arusha amelipa milioni moja na laki mbili, Nairobi amelipa 180,000 ambazo ni zaidi ya milioni tatu na laki nne. Karibu mara tatu.

Ni yaleyale ya vitunguu vya mbao. Nairobi inakubali uingie na ulichonacho leo, kisha inakutoza kila siku. Nyumbani wanakudai kikubwa mlangoni, ukishaingia unapumua.

Nauli nayo. Daladala za Arusha nauli yake imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu. Mdogo wangu anajua akitoka asubuhi anatoa 600 na jioni 600. Matatu ya kutoka Umoja kwenda mjini mchana ni 50, asubuhi 80, mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni ni bei anayoitaja makanga, na hakuna wa kumshtakia. Ukipiga wastani ni 150 kwa siku, karibu 4,000 kwa mwezi. Kwetu ni kama 31,000, ambazo hazifiki 1,700 za hapa. Maji yakikatika, unanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Siku nyingine unajua yatakatika, siku nyingine hujui.

## Kinachobaki

Nilimwomba anitumie barua ya ajira, nikakaa nayo na kikokotoo.

Katika 45,000, NSSF inachukua 2,700. SHIF ya afya, asilimia 2.75, inachukua kama 1,240. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ni 675. Kodi ya mapato ni kama 4,500 baada ya nafuu. Kinachofika benki ni kama 35,900.

Kwa laki sita ya Arusha, NSSF inakata elfu 60 na kodi elfu 24. Kinachofika ni laki tano na elfu kumi na sita.

Toa nyumba, toa nauli, toa chakula. Arusha anabaki na kama 145,000. Nairobi anabaki na kama 4,000, yaani elfu sabini na kitu za kwetu.

Yule aliyekuwa amepandishwa mshahara kwa zaidi ya laki mbili na nusu, kwenye karatasi yangu anabaki na nusu ya anachobaki nacho sasa.

Nilikuwa tayari kumpigia nimwambie asije. Simu iko mkononi. Kilichonizuia ni bedsita. Nilijiuliza, je, akija peke yake? Bedsita ya 8,000, chakula cha mtu mmoja, anabaki na elfu kumi na tano na zaidi, na hiyo ni zaidi ya anachokiweka Arusha. Lakini mke na mtoto wakibaki Sakina, kodi ya Sakina inaendelea, chakula cha Sakina kinaendelea, na anachobakiza kinarudi Namanga kwa simu kila mwezi. Angekuwa na nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Nawajua wanaume wengi hapa wanaoishi hivyo. Wanajua ratiba ya basi la Arusha kuliko wanavyojua tabia za watoto wao.

Na upande wa pili siwezi kuufuta. Kazi anayopewa ni ya mizigo ya forodha, na Nairobi kampuni za namna hiyo ni nyingi. Mtu akikaa hapa miaka michache akaijua kazi, ile 45,000 inapanda. Mimi mwenyewe nilianza na kidogo kuliko hicho. Ningekaa na karatasi kama hii siku ile, nisingevuka.

## Bibi hana bei

Kuna mstari mmoja kwenye karatasi ya Arusha niliouacha mtupu. Malezi ya mtoto.

Mtoto anashinda kwa bibi yake, mama mdogo, nyumba ya tatu kutoka hapo. Anakula huko, analala mchana huko, anarudishwa jioni ameogeshwa. Hakuna anayelipa. Kwa sababu hiyo mke wa mdogo wangu anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, anaviuza mpaka saa tatu asubuhi, na faida yake ndiyo inayoendesha jiko kuanzia tarehe 20 mpaka mshahara utoke. Hiyo faida haimo kwenye ile laki sita anayoitaja akijihesabia mshahara. Naye hakuitaja aliponiuliza kama aje.

Hapa mtoto angepelekwa kwa mama wa mtaani anayelea watoto wa majirani, shilingi 150 kwa siku, uende naye na chakula chake. Siku 26 za kazi ni 3,900. Ile 4,000 iliyobaki imekwisha. Vitumbua vyenyewe vingehitaji kona mpya, wateja wapya, kibali cha kaunti na ujasiri wa kuanza upya kati ya watu wanaopenda mandazi na chapati.

Nilikaa na hilo kwa siku kadhaa nikitafuta namna ya kuliweka kwenye hesabu. Nililiandika kama malezi, 3,900. Nikalifuta. Mama mdogo akiugua Arusha, mkwewe ndiye anayempeleka hospitali. Wakihama, hilo ni shilingi ngapi? Na mtoto atakayemjua bibi yake kwa video?

Majedwali ya gharama za maisha yanayozunguka mitandaoni yana bei ya kapuchino na bei ya tiketi ya sinema. Sijaona lenye mstari wa bibi. Na kwa familia nyingi ninazozijua pande zote mbili za mpaka, huo ndio mstari unaoamua.

## Nilichomwambia

Nilimpigia Jumapili mchana, akiwa na mkewe karibu, simu wameiweka sauti ya juu. Niliwataka wote wawili wasikie.

Sikumwambia njoo, sikumwambia usije. Nilimsomea karatasi yote, mstari kwa mstari, kwa shilingi za Kenya na za kwetu. Nilipofika kwenye vitumbua, mkewe akasema, "Wifi, huo mstari asante." Nikamwambia mdogo wangu kwamba kwa 45,000 familia nzima haitaishi Umoja kwa amani, na kwamba kwa 60,000 ningekuwa na jibu jingine. Nikamshauri awaulize hao waajiri mambo mawili: kama kuna posho ya nyumba juu ya mshahara, na kama baada ya miezi ya majaribio mshahara unapanda, na waandike.

Akauliza habari ya maziwa, kwa sababu mtoto anakunywa sana. Kwenye maziwa nilimjibu bila kusita, Nairobi ni bora. Pakiti ya nusu lita ni shilingi 60 hivi kila duka, na kuna mashine za maziwa mitaani, unaenda na chupa yako unachota hata ya shilingi 20. Viwanda vya Kenya vinanunua na kusindika maziwa mengi kuliko vyetu kwa mbali sana, na kwetu ya pakiti bado ni kitu cha wenye nacho, wengine tunamsubiri mama wa Kimeru na madumu yake asubuhi.

Jana amenijibu. Waajiri wamekubali posho ya nyumba ya 8,000, wameandika, na wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Mkewe amesema aanze peke yake miezi sita, yeye abaki na vitumbua na bibi, kodi ya Sakina imeshalipwa mpaka Juni. Wanataka nimwangalizie bedsita isiyozidi 8,000, karibu na steji, yenye maji.

Jumamosi naenda kuongea na keatekari wa jengo la nyuma yetu.